Wagino na Wanawake wa Kwenye Simu

Kaka yangu Wagino ana wivu, na hapa simsengenyi, mtaa wetu mzima hapa Salatiga, Indonesia, unajua. Yeye na mkewe walipokuwa wachumba, alimwonea wivu hata fundi cherehani aliyempima mchumba wake mabega. Lakini wivu uliomkondesha mwaka huu ulikuwa wa wanawake asiowahi kukutana nao.

Mkewe, shemeji yangu Sriyatun, anatibiwa saratani ya titi. Daktari alimwambia asishinde kitandani kati ya dripu moja ya dawa na nyingine, aunyooshe mwili. Basi akajiunga na wagonjwa wenzake wanaofanya mazoezi kwa mtandao, wakiongozwa na mwalimu Okta. Asubuhi anaegemeza simu kwenye sufuria, anavaa fulana ya zambarau waliyoshonesha sare, maana kwetu hakuna kikundi cha wanawake kisicho na sare, halafu anafunga mlango wa chumba.

Wagino anabaki nje akifunga tempe zake za kuuza, vipande vya soya iliyochachushwa, kwenye majani ya mgomba, sikio likiwa chumbani. Wanahesabu, wanainua mikono, kisha wanapiga soga. Sriyatun anacheka. Kicheko hicho ndicho kilichomchoma kaka yangu, kwa sababu mezani mwanamke huyohuyo alikuwa akimjibu "sijambo" na "nimeshiba", basi.

"Mimi namkanda miguu, nampikia uji, namwaga matapishi," aliniambia. "Wao wanampa nini? Wanapunga mikono tu."

"Ndiyo dawa yenyewe, kaka. Daktari kasema."

"Daktari kasema anyooshe viungo. Hakusema afunge mlango."

Nilimwambia agonge. Akasema hagongi mlango ndani ya nyumba yake. Nikamwambia basi anune, na akanuna kweli, kazi hiyo anaiweza. Asubuhi moja alizima intaneti akasingizia mvua, na jua lilikuwa linawaka. Sriyatun hakugombana naye. Alifanya mazoezi peke yake, kimya, na kimya kile kilimtisha Wagino kuliko kicheko. Akaiwasha intaneti mwenyewe.

Kisha dripu moja ikamwangusha shemeji kabisa. Siku ya mazoezi ilipofika hakuweza hata kuketi. Simu ilipoanza kuita, alimwita mumewe.

"Baba Retno, simama hapo kwenye mkeka. Nishikie nafasi."

"Mimi?"

"Kwani nisipoweza kwenda kwenye upatu si unakwenda wewe? Unataka mahali pangu pabaki wazi, wenzangu wadhani nimekufa?"

Kwetu nafasi ya mtu kwenye upatu haiachwi tupu, anatumwa mtu wa nyumbani. Kaka yangu akasimama mbele ya simu na saruni yake na kitambi chake. Mimi nilikuwa nimeleta majani ya mgomba, nikachungulia.

"Karibu, Baba Retno," alisema mwalimu Okta. "Mkono wa kushoto juu. Huo ni wa kulia."

Wanawake wakacheka, na Sriyatun naye akacheka pale kitandani, kwa sauti iliyochoka. Mmoja wao, bibi mwenye mtandio wa kijani, akaisogelea simu yake.

"Kumbe ndiye huyu anayelia bafuni, akafungulia maji asisikike?"

Wagino alibaki na mkono juu. Hata mimi sikujua kwamba kaka yangu analia.

"Unawaambia habari zangu?" alimuuliza mkewe.

"Nimwambie nani? Wewe? Nikianza tu kusema hali yangu, unakimbilia bafuni. Hawa wanakaa wanasikiliza."

Wagino alishusha mkono, akaketi ukingoni mwa kitanda. Macho yalimjaa, nikamwona anainuka kidogo kama anayetaka kutoka. Akakaa tena.

"Sema," alisema. "Hao nao wasikie, sijali."

"Naogopa," alisema Sriyatun. "Na sitaki uniambie nitapona."

Hakumwambia.