Chai ya Alumita Isiyopitia kwa Wifi

Chai ya Alumita haikuwa ya watoto. Tangawizi aliichimba mwenyewe kilimani nyuma ya nyumba, akaiponda kwa jiwe. Wavivu wa mjini ndio wanaoikatakata kwa kisu. Aliyethubutu kumwambia apunguze alijibiwa, "Basi kanywe maji ya mto, mto ule pale." Bonde zima huku Naitasiri, bara ya kisiwa, lilimjua. Na bado kaka yake, Waisake, aliisifu chai hiyo miaka thelathini na minne, kwamba ni laini, inateleza kooni kabla ya wimbo. Alumita akavimba kichwa. Mgema akisifiwa, jamani, mwajua wenyewe.

Sifa hizo hakuzisikia kinywani mwa kaka. Angezisikiaje? Kwao, kaka na dada wakishakua hawasemezani tena mpaka kaburini. Si ugomvi, ni heshima, na heshima ni kazi. Neno likiwapo hupitia kwa mtu wa kati. Mtu wao wa kati alikuwa Makereta, mke wa Waisake, wifi yake Alumita, mwanamke wa maneno na kicheko. Kila asubuhi alikuja kuchukua chai ya mumewe katika kikombe cha bati, kila jioni akarudisha kikombe kitupu na majibu.

Makereta alikufa wakati wa mvua kubwa, na tangu siku hiyo kikombe cha bati kilibaki kwa Alumita, hakuna wa kukipeleka. Waisake akaweka mwiko, kama wafiwa wote. Mwingine hanyoi ndevu, mwingine hali nyama, naye, mwanzisha nyimbo wa kanisa, akasema hataimba mpaka usiku wa mia wa msiba upite. Ulipita juzi. Watu wakaondoa matanga, wakala magimbi na nguruwe, wakamgeukia aanzishe wimbo. Akafungua kinywa. Kilichotoka kilikuwa kama mlio wa bawaba yenye kutu. Akatoka nje bila kumtazama mtu, na jana kijiji kizima kilishajua: anahamia mji wa Lautoka, upande wa pili wa kisiwa, kwa mwanawe. Lori linamfuata leo.

Ndiyo maana alfajiri hii Alumita alikuwa jikoni. Alikuwa na kaka mmoja tu duniani, na hakuwa na mdomo wa kumwambia asiende.

Jana mke wa mchungaji alimwambia, "Shangazi, nipe mimi hilo neno, nitamfikishia." Alumita alikataa. Lilikuwa bado halijawa neno. Lilikuwa donge tu, na donge utampaje mtu akupelekee?

Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba, hata mlango wa jikoni ukaonekana kama umefunguliwa ndani ya wingu. Maji yakaanza kuimba birikani. Alumita akaponda tangawizi, na harufu ilipopanda akamsikia wifi yake nyuma ya bega, kama kila siku.

"Umezidisha, wewe mwanamke. Wataka kumuua?"

"Nyamaza. Marehemu hasemi."

"Nilipokuwa hai uliweza kuninyamazisha lini?"

Alumita akacheka peke yake, macho yakamlowa. Akaacha tangawizi ichemke mpaka maji yakawa na rangi ya nyasi kavu. Akakamua malimau mawili, yale ya ngozi nene yenye makunyanzi. Akaepua birika, akangoja. Asali haitiwi kwenye maji yanayotokota, huo ni uuaji. Unaweka kiganja juu ya mvuke, ukiweza kuhesabu hadi kumi bila kutoa mkono, ndipo utie.

Akahesabu. Moja, mbili. Mvuke ukampanda usoni, na hapo jikoni pakaenda mbali. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, yuko chini ya mlimau wa bibi na Waisake, wanaramba asali kwenye jani la mgomba. Saba, nane. Waisake alikuwa na sauti nyembamba bado. "Dada, niachie kidogo," alisema. Mwaka uliofuata sauti yake ikawa nzito, na hakumwambia tena neno. Alumita hakukumbuka kama alimwachia. Kumi. Akatia asali aliyoihifadhi katika chupa kuukuu ya ramu, kijiko kimoja kama kawaida yake, basi.

Nyumba ya Waisake ilikuwa upande wa pili wa uwanja. Alumita alitembea ndani ya ukungu na kikombe mikononi, miguu haisikii ardhi. Akakiweka kizingitini, mlango ukiwa wazi. Hapo alipaswa aondoke. Miguu ikakataa. Akaketi kwenye ngazi, akaupa mlango mgongo.

Akasikia kikombe kikiinuliwa. Akasikia kumeza. Kisha kikohozi, cha mtu aliyemeza kaa la moto.

"Mama yangu weee!" Kisha sauti ile ya kutu ikasema, "Wewe kikombe. Hebu niambie, leo umetoka jikoni kwa nani?"

Nywele zilimsimama Alumita. Mtu wa kati lazima awepo, na kaka yake kateua kikombe cha bati!

"Kikombe," akasema polepole, akiitazama migomba, "mwambie umetoka kulekule unakotoka siku zote."

"Kikombe, mwambie haiwezekani. Chai niijuayo mimi ni tamu mpaka sisimizi wanaifuata. Mke wangu alikuwa akifika nayo nasikia kijiko, kling kling kling. Kumbe siyo kukoroga tu!"

Alumita alishika mdomo. Miaka thelathini na minne! Sifa zote zile, kumbe za asali ya mwenzake. "Mwizi wewe, Makereta," akanong'ona. Kisha wazo jingine likamchoma. "Kikombe, muulize. Mwaka wa kimbunga nilimtumia neno, kwamba ni mkaidi kama nguruwe mwitu. Lilimfikaje?"

"Kikombe, mwambie lilinifika kwamba dada ananiombea kwa Mungu, niwe na moyo mkuu."

Alumita akaangua kicheko, na huko ndani Waisake akacheka pia, kicheko kizito cha kukwaruza, mpaka hakikujulikana tena kama ni kicheko. Wakalia hivyo, mmoja ndani, mmoja nje, bila kuonana. Kule chini barabarani lori likapiga honi.

Alumita alifuta uso kwa upindo wa gauni. Donge lilikuwa kooni, na safari hii hakulimeza.

"Kikombe, sikiliza. Wa kutia asali hayupo tena. Basi neno langu lipeleke hivi lilivyo, usiongeze kitu. Mwambie wifi yangu kaenda, na yeye akienda sina mtu. Sina. Kama hawezi kuimba, asiimbe. Akae tu nimwone akipita uwanjani. Mwambie asiende."

Honi ikalia mara ya pili. Ndani sakafu ya mbao ikalia, kitu kizito kikaburutwa, na Alumita, ambaye hakuweza kugeuka, hakujua kama mzigo unatolewa au unarudishwa. Akafumba macho. Nyuma yake kikombe kikatua kizingitini, kitupu.

"Kikombe," alisema Waisake, na sauti haikuwa na kutu tena, "mwambie kesho apunguze tangawizi."