Mvua ya Nyanya, Omena za Mama

Juzi pale Kisian nilimwona mwanamke akikusanya omena, dagaa wadogo wa ziwani, alizoanika, kwa kuwa mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya. Nikamkumbuka mama yangu ufuoni, nilipokuwa mtoto.

Nyanya alikuwa ameomba mvua kwa ajili ya mahindi yake huko Pap Onditi. Mama alikuwa ameomba jua la kukaushia omena. Ikanyesha siku mbili. Alasiri ya siku ya tatu omena zilinuka hadi barabarani, na nzi walivuma juu ya nyavu tulizoanikia. Nikaamua kwamba Mungu ana pande mbili, wema kwa nyanya na ubaya kwetu, na nikaogopa kumwomba tena.

Mchuuzi mmoja kutoka Migosi alipita.

“Mama, changanya hizi na kavu. Nani atajua?”

“Tumbo la mtoto wa mtu litajua, Bwana. Hizi ni za kuku.”

Mchuuzi alicheka, akaenda zake. Nikamwambia mama kwamba Mungu ndiye aliyeziharibu.

“Mungu ameleta mvua,” alisema. “Ubaya ni kuchanganya, na huo hautoki kwake.”

Tangu hapo nimesoma vitabu vingi kuhusu chanzo cha uovu. Baadhi vimenisaidia, lakini hakuna kilichonitenganishia mambo hayo mawili upesi kama mama.

Jioni aliniambia niombee chakula. Nikaomba kwa sauti ndogo: mvua ya nyanya iendelee, ila kwanza isubiri omena zetu mpya zikauke.