Mtamba Wangu wa Tinde

Nina miaka thelathini na mmoja, nauza makava ya simu Kahama, na kila ninaporudi nyumbani Tinde mama bado hunifulia soksi. Mtoto akiniamkia shikamoo, nageuka nyuma kutazama anayesalimiwa.

Mwaka jana mdogo wangu wa kike alichumbiwa. Baba alishafariki, kwa hiyo baba mdogo alinikabidhi fimbo ya marehemu. "Ng'wanawane, mwanangu, leo wewe ndiye baba yake. Ng'ombe wa mahari uwakague wewe, uwapokee wewe."

Niliogopa kuliko bibi harusi. Baba alikuwa akimpapasa ng'ombe mara moja tu, anakutajia umri wake na tabia za mama yake. Miaka hiyo mimi nilikuwa kivulini nacheza gemu. Sasa ningemwaibisha mdogo wangu mbele ya wakwe zake.

Nikaingia zizini na koti la suti na raba nyeupe. Nikawa nagonga migongo kwa fimbo, naguna kama fundi wa pikipiki asiyejua ubovu uko wapi. Wakwe wakatikisa vichwa kukubali. Ningeishia hapo ningekuwa mzee wa heshima, lakini sikio la kufa halisikii dawa. Nikamwona mmoja mnene, mtulivu, amefungwa peke yake pembeni. Nikampigapiga ubavuni, nikatangaza kwa sauti nzito ya kuazima: "Huyu mtamba ndiye roho yangu imempenda. Atatuzalia sana."

Baba mdogo akashusha kofia usoni. Mzee wa upande wa pili akakohoa kwa adabu.

"Mkwe, huyo ni maksai. Alishahasiwa. Tumemleta kwa ajili ya kitoweo."

Walicheka mpaka mama akatoka jikoni kuuliza kulikoni. Alipoambiwa, akacheka kuliko wote. Niliona aibu hadi machozi yakanilenga. Nikabaki pale pale nimeshika kamba ya maksai, maana sikujua pa kwenda.

Ndipo mdogo wangu akatoka ndani na kitenge chake kipya. Tangu tukiwa wadogo alikuwa hajawahi kuniita kitu zaidi ya "wewe". Akavipita viti vya wazee, akaja hadi zizini, akapiga magoti kwenye samadi.

"Shikamoo, baba."

Nikageuka nyuma. Alikuwapo maksai peke yake.

"Marahaba," nikasema.