Ijumaa Amida Alipoiacha Kompyuta Peke Yake

Amida binti Salehe, wa Majengo, Thika, alikuwa mwanamke wa kuaminika kupita kiasi, na kuaminika nako kuna adhabu yake. Kila Ijumaa adhuhuri, kwa miaka tisa, aliendesha kazi tatu kwenye kompyuta ya kiwanda cha mablanketi. Ya kwanza ilijumlisha mablanketi yaliyofumwa, ya pili ilikusanya oda za wateja, na ya tatu ilichapa lebo za mizigo. Hiyo ya tatu ilikuwa marufuku kuanza kabla zile mbili hazijamaliza. Siku moja Amida alikwenda msalani, mwenzake akabonyeza mapema, na shule ya bweni huko Machakos ikapokea mablanketi mia tatu ya watoto wachanga. Tangu hapo Mzee Himatlal, mwenye kiwanda, hakutaka kusikia Amida ameinuka kitini.

Basi Muna, binti wa Amida, aliyesoma shule ya bweni karibu na Kimbo, Ruiru, alishapata zawadi mara mbili mama hayupo. Sherehe ya kutoa zawadi ilikuwa kila mwaka Ijumaa, na desturi ya shule ni mzazi kupanda jukwaani na mtoto wake. Mara zote mbili alipanda jirani yao Wakonyo, ambaye naye ana binti huko. Amida aliletewa picha. Alizitazama, akasema "Mashallah," kisha akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Mwaka wa 1996 Nimisha, bintiye Mzee Himatlal, alirudi kutoka masomoni na databesi mpya, programu ya kutunza kumbukumbu zote za kiwanda. Aliposikia habari ya Muna, na kwamba mwaka huo angepewa zawadi ya tatu, aliona aibu kwa niaba ya babake.

"Mama Uthman," alisema, akimwita kwa jina la kifungua mimba wake, "ningekukalia hapa hiyo siku moja ya sherehe, lakini nataka upate Ijumaa zako zote. Kazi zote tatu zitaanza pamoja. Hii ya lebo italala tu. Hizo zingine zikimaliza, kila moja itatuma signal kwa databesi, nayo databesi iiamshe."

"Na ikikosa kuamka?"

"Itaamka."

Haikuamka. Ijumaa mbili za majaribio zilipita, lebo imelala fofofo. Nimisha alisoma programu yake mstari kwa mstari asione kosa, na sherehe ilikuwa imebakiza wiki moja na siku chache. Amida alishaanza kujipa moyo kwamba picha za Wakonyo ni nzuri pia, na hapo ndipo roho ilipomuuma kweli.

Ijumaa ya tatu alianzisha ya mablanketi, akafuatisha ya oda, akajimiminia chai. Kikombe kikasimama hewani.

"Nimisha, hizi oda zinachukua dakika ngapi?"

"Tatu, nne hivi."

"Na mimi naanzisha lebo nikishamaliza chai, juu ya vile ndiyo ya mwisho tangu zamani. Kwani hiyo signal inangojanga mtu?"

"Haingoji. Inapatwa na mwenye ameshajiandikisha kuingoja, na lebo hujiandikisha ikiwashwa."

"Ala! Basi imepiga hodi nyumba haina mtu, ikaenda zake! Si ungeniambia, mtoto wewe?"

"Nilisema zianze pamoja, Mama Uthman!"

"Mimi pamoja yangu iko na chai!"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Kisha wakaanza upya, safari hii lebo ikitangulizwa ili ijiandikishe na kungoja. Baada ya dakika arobaini, ile ya mablanketi nayo ilipomaliza, bila mkono wa mtu, printa ikaanza kulia.

Wiki iliyofuata Amida aliwasha lebo, akawasha zile mbili, akajitanda mtandio. Alirudi mara mbili kuchungulia. Mara ya tatu Nimisha alimtoa nje, akafunga mlango kwa ufunguo, akaenda kula.

Amida alifika shuleni wazazi wameshaketi, akasimama nyuma kabisa, jasho likimtoka. Jina la Muna likatajwa. Wakonyo akainuka kama kawaida yake, akageuka, akamwona Amida. Aliketi palepale, akimpungia mkono apite.

Kule jukwaani Muna alimkodolea macho.

"Mama? Kompyuta umemwachia nani?"

"Sijamwachia mtu."

Muna alicheka, halafu akalia, akaung'ang'ania mkono wa mamake, na mwalimu mkuu akabaki amesimama na kamusi ya zawadi asijue ampe nani.