Moyo Umerudi, Shimo Limekwenda

Saa kumi na mbili asubuhi, machimbo ya mawe ya Maweni, kisiwani Manda. Kabla ya kushika tindo, Patroba anaketi, anavua kiatu na kuubonyeza mguu wake kwa kidole gumba. Anaangalia. Nyama inarudi palepale. Ndipo anainuka kuchonga mawe ya kujengea.

"Mwaka jana alama ya kidole ilikuwa inabaki kama kwenye unga uliokandwa," anasema. "Na watu wakanicheka."

Mchonga mawe huyu wa miaka 41 alianza na homa tu. Homa ikaisha, pumzi ikawa haba. Mara tatu alikwenda zahanati moja, mara tatu akapewa dawa za malaria bila hata tone la damu kupimwa. Wenzake walisema ni vumbi, wengine, uvivu. Mtu asiyeweza kulala mpaka aketi ni mvivu wa namna gani?

Aliyemwokoa ni muuguzi Ruwaida, aliyekuja kuchanja watoto. Aliubonyeza mguu mara moja tu.

"Hii si malaria, Bwana Patroba," alimwambia. "Shika ndia ya Mombasa leo leo."

Huko ikabainika kuwa virusi vilishambulia msuli wa moyo. Kila pigo lilisukuma asilimia 20 tu ya damu iliyoujaza. Moyo mzima husukuma zaidi ya nusu. Kwa vidonge na mapumziko ya miezi tisa, ukafika 54.

Akarudi na karatasi ya daktari ya kumruhusu kazi. Lakini desturi ya machimbo ni kwamba shimo likilala siku arobaini bila nyundo, hupewa mwingine. Shimo lake la miaka kumi na mmoja, mnyapara Murithi alikuwa amejipa mwenyewe. Kweli mnyonge hana haki.

"Karatasi haichimbi mawe," Murithi alimjibu. "Mgonjwa wa moyo atanifia shimoni."

"Moyo wangu umepimwa," Patroba anasema, sauti ikipanda. "Wake umepimwa lini?"

Sasa anachonga mawe ya wenzake kwa ujira mdogo. Jumamosi wachimbaji watakutana, naye atadai siku za ugonjwa zisihesabiwe. Zaidi ya nusu wameahidi kumuunga mkono.

Tunapoagana, Murithi anapita, akisimama kila hatua chache kutafuta pumzi. Alishikwa na homa wiki iliyopita. Zahanati ileile imempa dawa za malaria.

Patroba anaweka tindo chini. Hasira haijamtoka.

"Vua kiatu," anamwambia. "Shimo tutalizungumza Jumamosi. Leta mguu."