Nilivyosomea Nyota, na Posa ya Zuwena

Siku yangu ya kwanza katika maabara ya fizikia nilifukuzwa kabla ya adhuhuri. Nasema nilifukuzwa, tena si kwa heshima. Mkuu wa Maabara, bwana mmoja mnene wa Kimisri mwenye sauti ya mnadi, alinipa kazi ambayo nyinyi vijana wa leo mngeicheka: kipande cha madini ya risasi kilichofungwa kwenye uzi, nikisukume kidogo, kisha nipime kwa saa kinachukua muda gani kwenda na kurudi. Chombo hicho huitwa pendulamu. Nikapima, nikaandika sekunde mbili kamili, nikampelekea huku najichekea.

"Mbili kamili?" akaniuliza. "Nani aliyekwambia kuwa dunia inapenda namba zilizonyooka?"

"Nimeona zinakaribia, bwana."

"Zinakaribia! Toka. Rudi kesho uandike ulichokiona."

Jamani, nilikasirika! Mimi, mtoto wa mtaa wa Jadida pale Wete, niliyekuwa wa kwanza darasani mpaka walimu wakanisemea kwa wakubwa nipelekwe chuo kikuu ng'ambo, nakuja kutolewa nje kwa sababu ya kipande cha risasi? Lakini kesho yake nilirudi. Nikapima tena na tena, na kila nikipima jibu linapishana kidogo na la kabla. Hapo ndipo nilipofundishwa habari ya kosa la kipimo: kwamba hakuna kipimo kisicho na kasoro, na kazi ya mwanafizikia ni kusema kasoro yake ni ya kiasi gani. Mtu mzima anasomeshwa apate kusema hajui kwa kadiri gani! Mwanzo niliona mzaha. Baadaye niliipenda kazi hiyo kuliko chakula.

Mwaka wa pili nilikabidhiwa kwa Profesa wa Falaki, mzee mkimya aliyevaa koti lile lile masika na kiangazi. Watu hudhani mwanafalaki hukesha akiikodolea macho mbingu. Sisi sehemu kubwa ya kazi yetu ilikuwa mchana, mezani, tukihesabu mpaka vidole vinakufa ganzi. Siku moja aliniita nichungulie katika spektroskopu, chombo chenye mche wa kioo unaoupasua mwanga wa jua ukatoka rangi rangi. Ndani ya rangi zile mna mistari myeusi, myembamba, na kila mmoja ni alama ya kitu kilichomo juani. Huu wa chuma, ile miwili ya madini yaliyomo katika chumvi ya jikoni.

"Subhanallah," nikasema kwa sauti.

"Unalia?" akaniuliza Profesa.

"Hapana, bwana. Jasho tu."

"Mimi nililia," akasema, akaenda zake.

Likizo ya mwaka wa tatu nilirudi nyumbani. Nilipoteremka tu bandarini Wesha, mchukuzi mmoja akanisimamisha nimwambie nani kamwibia mbuzi wake. Nikamwambia sijui. "Haya, pumzika kwanza," akasema, akanibebea sanduku. Kwa watu wetu, aliyesomea nyota ni mtazamiaji, basi. Nilieleza njia nzima mpaka koo likanikauka, na yeye akiitikia tu, "Ndiyo, ndiyo."

Nyumbani nikakuta jambo linanisubiri. Mdogo wangu Zuwena alikuwa ameposwa na Seif, mshoni wa nguo kule Konde, kijana mpole, na Zuwena alimtaka wala hakuficha. Lakini mama yake Seif, Bi Mize, alipeleka majina yao kutazamiwa. Desturi hii mnaijua: kila herufi ya jina la mtu na la mama yake ina namba yake, zikijumlishwa na kugawanywa, baki ndiyo nyota ya mtu. Ikatoka kuwa Seif ni wa moto, Zuwena ni wa maji, hawapatani, na wakioana mmoja atamzika mwenziwe mapema. Bi Mize akairudisha posa. Baba yangu alipomwendea kumsihi, alikubali kitu kimoja: "Mtoto wako anakuja, kasomea nyota kwa wenyewe. Akisema zinapatana, nimeridhia."

Nilimkuta Zuwena uani anapepeta mchele.

"Kaka, ni neno moja tu. Sema zinapatana."

"Mimi sizijui nyota hizo, Zuwena. Nizijuazo mna chuma na chumvi. Hamna majina ya watu."

"Sasa chuma na chumvi vitakudhuru nini ukinisemea?"

"Nikisema leo, kesho watakuja na jingine. Nitakuwa mtazamiaji mpaka nife. Nitakuwa nimesoma bure."

"Na mimi nitakuwa nini?" akaniuliza. Nikatoka uani, nikaenda kukaa barazani na baba.

Alasiri Bi Mize akaja na kaka yake. Baba akanitazama kwa macho ya kuomba, na baba yangu hakuwa mtu wa kuomba. Nikasema, "Bi Mize, nimezipima nyota miaka miwili. Sijaona humo ndoa ya mtu wala mauti ya mtu, na hakuna awezaye kuyaona. Waacheni waoane."

Nilidhani nimesema vizuri. Bi Mize alinitazama kwa huruma, machozi yakamlengalenga.

"Una adabu, mwanangu," akasema. "Umeona, ukaona haya kutwambia."

"Sikuona kitu! Wallahi, Bi Mize, sikuona kitu!"

"Usiape, mwanangu." Akanishika mkono. "Usiape."

Kadiri nilivyokana ndivyo alivyozidi kuamini. Aliondoka akilia, na posa ikavunjika kabisa. Baba hakunikemea. Zuwena hakutoka chumbani mpaka siku niliyosafiri, na niliagana naye kupitia mlangoni.

Nilimaliza masomo, nikarudi kusomesha. Mkuu wangu wa kwanza skulini aliniambia, "Fizikia isiyo na vifaa ni hadithi," wala vifaa hakunipa. Nikatundika jiwe kwenye mhimili wa paa, nikawapimisha watoto kwa jiwe hilo mpaka nilipostaafu. Wengine wamekuwa madaktari na wahandisi. Najivunia, kwa nini nisiseme?

Zuwena aliolewa Chake Chake, akapata watoto. Seif naye alioa. Wote wawili wazima hadi leo. Juzi nilimwona Seif pale Konde anatia uzi kwenye sindano bila ya miwani. Nilisimama nikamtazama, kisha nikaenda zangu.

Mwaka jana, nikinywa chai kwa Zuwena, nilimuuliza nililoona haya kumuuliza umri wangu wote: siku ile angetaka niseme uongo?

"Ningetaka," akasema, hata hakufikiri.

"Hata sasa? Baada ya mume na watoto na wajukuu?"

"Mume wangu alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu. Mimi nakujibu ulichoniuliza." Akanimiminia kikombe kingine, akakisogeza mbele yangu. "Uongo ule ningekusamehe siku ile ile, kaka. Kweli yako ndiyo bado sijamaliza kuisamehe."