Kanyaga, Achia

Mji mzima ulimwita Kanyaga-Achia, na yeye alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mwalimu wa udereva, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akikaa kiti cha abiria huku mguu wake uko juu ya breki yake mwenyewe. Magari ya kufundishia yana breki mbili: ya mwanafunzi, na ya mwalimu anayependa kuishi.

Somo lake kuu lilikuwa wimbo. Barabara ikiwa na utelezi, usikanyage breki ukaing'ang'ania, maana magurudumu yatafunga na gari litakwenda linakotaka lenyewe. Kanyaga, achia. Kanyaga, achia. Aliimba huku akigonga dashibodi kwa kiganja, na mwanafunzi akichelewa kuachia, kiganja hicho kilihamia begani kwake. Wapo watu wazima mjini humo, wenye vitambi na heshima zao, ambao mpaka leo mvua ikinyesha midomo yao hucheza nyuma ya usukani.

Wimbo wenyewe ulikuwa wa baba yake, dereva wa lori la mbao. Alimfundisha akiwa na miaka kumi na saba. Watu walipomcheka kwamba anampa binti usukani badala ya mwiko, mzee alijibu kuwa kupika atajifunza njaa ikimshika. Lori lile halikuwa na breki ya pili. Lilikuwa na mkono wa baba tu, umelala juu ya dashibodi, ukigonga taratibu wakati wanashuka mteremko wa kiwanda cha mbao asubuhi yenye ukungu. Kanyaga, achia. Hakuwahi kupandisha sauti, hata siku walipoponea chupuchupu kuingia mtaroni.

Uzee ulipomtoa kwenye usukani, mzee alikuwa abiria mbaya kupita kiasi. Binti akiendesha, yeye alikuwa akikanyaga sakafu upande wake, anaachia, anakanyaga tena, mpaka zulia likatoboka. "Baba, niachie mimi," binti alikuwa akimwambia. Ilichukua mwaka mzima. Halafu siku moja mguu ule ukatulia, na mzee akasinzia kabla hawajafika hata mzunguko wa sokoni. Binti aliendesha akilia, kwa sababu alijua mzee alikuwa ameanza kuaga.

Mzee alipofariki hakumwachia nyumba wala shamba. Alimwachia kofia yenye harufu ya dizeli, na wimbo. Kofia iliharibiwa na nondo. Wimbo ukaingia miguuni mwa watu zaidi ya elfu mbili, akiwemo mwanawe wa pekee, ambaye alimfundisha mwenyewe na ambaye sasa alikuwa dereva wa gari la kupeleka mitungi ya oksijeni hospitalini.

Basi mwaka mmoja shule ya udereva ikanunua gari jipya. Kipya kinyemi ingawa kidonda, lakini yeye hakuona unyemi wowote. Gari la zamani alilijua kama alivyojua jiko lake: kioo kinachopandishwa kwa kusaidiwa na mkono, gia ya pili inayotaka kubembelezwa, kiti chenye shimo lililolingana naye barabara. Hili jipya lilikuwa na vitaa vingi vya kuwaka na lilikupigia kelele usipofunga mkanda, kama mama mkwe.

Mwanafunzi wa kwanza kulipanda alikuwa mwoka mikate, mama wa makamo mwenye mikono ya nguvu na woga wa kila kitu kinachotembea. Wiki tatu alikuwa hajaupata wimbo. Alikanyaga kama anayeua nyoka, basi. Asubuhi hiyo ya manyunyu, mbuzi akakatiza barabara ghafla, na mwoka mikate akakanyaga. Mwalimu, mguu wake ukiwa umegusa breki yake, akasikia pedali ikitetemeka chini ya unyayo, kanyaga-achia-kanyaga-achia, kwa kasi ambayo hata baba yake hakuwahi kuifikia. Gari likasimama limenyooka kama rula. Mbuzi akaenda zake.

"Safi!" Mwalimu alipiga makofi. "Hivyo hivyo! Umeona sasa? Umeachia vizuri mpaka nimesisimka!"

Mwoka mikate alikuwa bado ameushika usukani kwa mikono miwili. "Mwalimu, nisamehe," akasema. "Mimi sijaachia. Mpaka sasa hivi nimekanyaga tu."

Fundi wa magari ya shule, aliposimuliwa, alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaona uso wa mwalimu akaacha kucheka.

"Ni gari lenyewe, Mwalimu," akamweleza. "Kila gurudumu lina kifaa kinachohesabu mizunguko yake. Likitaka kufunga, kompyuta inalegeza breki ya gurudumu hilo tu, halafu inakaza tena, mara kumi na zaidi kwa sekunde moja. Na gari likirusha tako kwenye kona, linakamata gurudumu moja peke yake na kulirudisha njiani. Ile taa ya kigari kinachoyumba ndiyo kazi yake."

"Hiyo ni kazi ya mguu."

"Ilikuwa."

"Na mtu akiachia?"

Fundi alifuta mikono kwa kitambaa, polepole. "Akiachia, gari linajua hataki tena kusimama. Mwalimu, kwenye magari haya ule wimbo unaua kazi. Unakanyaga mpaka mwisho, unabaki hapo hapo, na usukani unaelekeza unakotaka kwenda. Hata pedali ikupige teke."

Ikupige teke. Mwalimu akashika mlango wa gari. Mwezi uliopita mwanawe alikuja kula kwake, na katikati ya chakula akasema gari jipya la kazini lina ugonjwa, ukikanyaga breki kwenye maji pedali inapiga teke. Naye mama, huku anampakulia, alimjibu bila hata kuinua kichwa: "Ikipiga teke, achia, baba. Si nilikufundisha?"

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Alikuwa amemlea kuachia.

Jumapili asubuhi alimwita aje na gari, mitungi ikiwa imeshushwa. Wakaenda uwanja wa zamani wa malori, ambao saruji yake imelainika kama sahani na ilikuwa imelowa mvua ya alfajiri. Mama alishuka, akafungua mwavuli wake wa bluu na kuuweka chini katikati ya uwanja. Hakuwa na kitu kingine chepesi cha kuwekea alama.

"Mama, usiweke mwavuli," kijana akasema.

"Kwa nini?"

Kijana alijibu akitazama usukani. "Wiki iliyopita. Mvua ilikuwa inanyesha. Mama mmoja alivuka pale kwenye geti la hospitali. Nikakanyaga, ikapiga teke, nikaachia kama ulivyosema. Gari likaendelea kuteleza, Mama. Mwavuli wake nilipita juu yake. Yeye nilimkosa kwa shubiri."

Mama hakuuondoa mwavuli. Alipanda, akafunga mkanda.

"Mimi ndiye niliyekosea. Sasa sikiliza. Kanyaga mpaka chini, ubaki hapo, halafu ukwepe kwa usukani."

Kijana aliondoka, akafika mwendo wa arobaini, akakanyaga. Pedali ikapiga teke, na mguu, ule mguu mtiifu uliofundishwa kwa miaka, ukaachia. Gari likapita juu ya ukingo wa mwavuli.

Mara ya pili mama alipiga kelele: "Usiachie!" Mguu ukasikia lile neno moja unalolijua, ukaachia vilevile. Mwavuli ukavunjika ubavu mmoja.

"Siwezi," kijana akasema, jasho likimtoka. "Mguu hauko kwangu. Uko kwako."

Mazoea yana tabu. Mama alishuka akaunyoosha mwavuli kadiri ulivyonyosheka, akasimama nao pale kwenye saruji iliyolowa. Lori la mbao lilimjia, na ukungu wa kiwandani, na ule mwaka mrefu wa mguu wa mzee uliokuwa ukikanyaga sakafu. Hakuwa amemwambia baba yake aache kukanyaga. Kama angemwambia hivyo, mzee angekanyaga mpaka kaburini. Alimwambia neno jingine: niachie mimi.

Akarudi garini. Akaweka mkono wake juu ya dashibodi, umelala, pale pale ulipokuwa mkono wa baba yake.

"Wimbo ni ule ule," akasema, safari hii kwa sauti ya chini. "Nimeubadilisha neno moja tu. Kanyaga, mwachie."

"Nimwachie nani?"

"Endesha, baba."

Akaondoka. Arobaini. Mwavuli ukaanza kukua mbele ya kioo.

"Kanyaga."

Akakanyaga. Pedali ikapiga teke, ikapiga tena, sakafu nzima ikaanza kugonga.

"Mwachie," mama akasema. "Mwachie. Mwachie."

Mguu ulitetemeka, ukabaki. Kijana akakata usukani, tako la gari likataka kutoroka, taa ya kigari kinachoyumba ikawaka, na gari likajirudisha lenyewe, likaupita mwavuli kando na kusimama. Mkono wa mama ulikuwa bado juu ya dashibodi. Haukuwa umegonga hata mara moja. Ulihisi tu mdundo ule ukitokea chini, kanyaga-achia, kanyaga-achia, mpaka ukanyamaza.

Kijana akazima injini.

"Mama," kijana akasema akihema. "Hujanijibu. Nilikuwa namwachia nani?"

Mama alifungua mkanda wake.

"Babu yako," akasema, akashuka kwenda kuokota mwavuli.